Gemu isiyo na padi: mtoto na mgonjwa wa kiharusi watapata nini?

Mzazi wa Rusimbi akisikia neno gemu, picha inayomjia ni ya banda la mtaani: watoto wamebanana kwenye benchi, macho kwenye runinga, vidole gumba vinabonyeza padi, na yule aliyetumwa chumvi dukani bado hajarudi. Kwa hiyo ukiambiwa ipo gemu inayomtoa mtoto jasho, au inayomsaidia mgonjwa wa kiharusi kuinua mkono, una haki ya kushangaa, na hata kutilia shaka.

Gemu hizo zipo. Mchezaji hashiki kitu chochote. Anasimama mbele ya kamera. Akiinua mkono, mtu aliye kwenye runinga anainua mkono, na akiruka, naye anaruka. Teknolojia hii ina zaidi ya miaka 20, lakini imerudi midomoni mwa watu kwa sababu kamera ya simu ya kawaida sasa inafanya kazi ambayo zamani ilihitaji mashine maalumu. Huko Marekani, tangu mwishoni mwa 2023, familia zinauziwa kifaa kiitwacho Nex Playground ambacho hakina padi kabisa, na watengenezaji wanakisifu kuwa kinawainua watoto kwenye kochi.

Msomaji, jambo la kupima leo ni hili: ukiwa na mtoto nyumbani, au mzazi wako amepooza upande mmoja, je, utoe fedha kwa ajili ya kitu hiki? Swali si dogo. Kwa familia nyingi za Kigoma Ujiji, fedha hiyo ni ileile ya dawa za presha na nauli ya kwenda kliniki Maweni.

Mashine inakuonaje?

Mwaka 2003 kampuni ya Sony ilitoa kamera ndogo iliyoitwa EyeToy kwa ajili ya PlayStation 2. Ilikuwa kamera ya kawaida. Ilitambua tu kwamba kitu kimesogea mbele yake. Novemba 2010 Microsoft ikatoa Kinect, ambayo ilikwenda mbali zaidi. Ndani ya siku 60 za kwanza ziliuzwa Kinect milioni 8.

Kinect ile ya kwanza ilirusha mbele yake vitone vingi vya mwanga usioonekana kwa macho, unaoitwa infraredi, kisha kamera yake ikasoma vitone hivyo vimeangukaje ili kujua kila kitu kiko umbali gani. Programu ikatafuta ndani ya picha hiyo kichwa, mabega, viwiko, magoti na viungo vingine, jumla 20, na kuvifuata vikisogea. Toleo la mwaka 2013 lilifuata viungo 25. Simu ya leo haina haja ya vitone hivyo. Mfumo mmoja uliotolewa na Google mwaka 2020 unatafuta sehemu 33 za mwili kwa kutumia kamera ya simu pekee.

Wasomaji huuliza kama mwanga huo una madhara. Infraredi ni jamii ya mwanga uleule unaotoka kwenye rimoti ya runinga yako. Haihusiani na mionzi ya eksirei.

Lipo pia swali la kama mashine hizi zinawaona watu weusi. Kinect ilipotoka, habari zilienea kwamba inashindwa kutambua nyuso za watu wenye ngozi nyeusi. Shirika la Consumer Reports la Marekani likaijaribu na kukuta kwamba tatizo lilikuwa mwanga hafifu wa chumba, na lilimpata mtu yeyote. Kufuata mwili hakukuathirika, kwa sababu mashine ilitumia infraredi yake yenyewe. Kamera ya simu ni tofauti: inategemea mwanga uliopo chumbani. Kwa hiyo washa taa, na usisimame huku dirisha lenye jua likiwa nyuma yako.

Kwa mtoto mwenye afya

Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri watoto wa miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 kwa siku za shughuli zinazofanya moyo uende mbio na pumzi ipande. Kwa mtoto wa mwaka 1 hadi 4, shirika hilo linataka awe anajishughulisha kwa mwili angalau dakika 180 kwa siku. Skrini haifai kabisa kabla ya miaka miwili. Kuanzia miaka 2 hadi 4, muda wa skrini usizidi saa moja.

Je, gemu ya mwili inaweza kujaza zile dakika 60? Tafiti mbili zinatusaidia kupima.

Ya kwanza ilifanyika New Zealand na kuchapishwa mwaka 2011. Watoto 322 wenye uzito mkubwa, wa miaka 10 hadi 14, waliokuwa tayari na PlayStation nyumbani, waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilipewa kamera ya EyeToy na gemu za kuchezesha mwili. Jingine liliendelea na gemu zake za kukaa. Baada ya wiki 24, uzito wa kundi la kwanza ukilinganishwa na urefu ulikuwa nafuu kidogo. Zingatia neno kidogo: faida ilikuwepo, lakini ilikuwa ndogo.

Ya pili ilifanyika Houston, Marekani, na kuchapishwa mwaka 2012. Watoto walipewa mashine ya Wii, ambayo mchezaji hushika rimoti mkononi. Wengine walipewa gemu za kuchezesha mwili, wengine za kukaa. Baada ya wiki kadhaa, vipimo vilivyovaliwa mwilini havikuonyesha tofauti yoyote kati ya makundi hayo. Watoto waliopewa gemu za kuruka na kurusha hawakujishughulisha zaidi kwa siku nzima kuliko wenzao.

Ukiziweka pamoja, maana yake kwa mzazi si ngumu kuiona. Gemu ya mwili inasaidia pale inapochukua nafasi ya kukaa. Mtoto anayeshinda saa tatu akibonyeza padi, ukimbadilishia saa moja ya hizo awe anaruka mbele ya kamera, amepata kitu. Lakini mtoto anayetoka shule akacheza kombolela, rede, kuruka kamba au mpira wa makaratasi mpaka adhana ya magharibi tayari ana dakika zake 60 na zaidi. Ukimnunulia mashine ili "apate mazoezi", unaweza kujikuta umemwingiza ndani mtoto aliyekuwa nje.

Tena watoto ni wajanja. Baada ya siku chache hugundua kwamba mashine inaridhika na kupunga mkono kidogo tu, wala si lazima aruke. Wakishajua hivyo, jasho linakauka. Ukiona mtoto anacheza gemu ya ndondi huku amekaa kitandani, ujue mazoezi yameisha.

Kwa mgonjwa wa kiharusi

Hapa ndipo jambo hili lina uzito zaidi, kwa sababu kiharusi kipo kwetu. Utafiti uliofanyika Tanzania kati ya 2003 na 2006 na kuchapishwa mwaka 2010 ulihesabu wagonjwa wapya wa kiharusi wilayani Hai na katika eneo la Dar es Salaam. Baada ya kusawazisha tofauti za umri, Hai ilikuwa na wagonjwa wapya takribani 109 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka, na Dar es Salaam takribani 316. Watafiti waliona kiwango hicho cha Dar es Salaam ni kikubwa hata kilipolinganishwa na nchi tajiri.

Mgonjwa akitoka hospitalini, ubongo wake unaanza kujifunza upya, na miezi ya mwanzo ndiyo yenye mavuno makubwa. Unajifunza kwa kurudia. Mkono unaotaka kushika kikombe lazima ujaribu kushika kikombe mara nyingi sana. Sasa tazama hali ilivyo hata kwenye nchi zenye vifaa: watafiti waliokaa wakihesabu katika vituo vya Marekani na Kanada, wakachapisha mwaka 2009, walikuta kwamba katika kipindi kimoja cha tiba ya mkono, mgonjwa alirudia vitendo vya maana kwa mkono huo wastani wa mara 32 tu. Kwa ubongo unaojifunza upya, hizo ni chache mno.

Nyumbani hali huwa ngumu zaidi, na mara nyingi ni kwa sababu ya upendo. Bibi akitaka kunyanyua kikombe, mjukuu amewahi kukinyanyua. Akitaka kufunga kanga, mkwe ameshaifunga. Mkono uliodhoofika unakaa bila kazi, na ubongo unazoea kwamba mkono huo haupo. Baada ya miezi sita familia inasema mkono umekufa, kumbe sehemu ya tatizo ni kwamba haukupewa kazi.

Hii ndiyo nguvu ya gemu. Mtu asiyependa kuinua mkono mara 100 akihesabiwa "moja, mbili, tatu" anaweza kuuinua mara 200 akifukuzia alama. Mtafiti Lynne Gauthier wa Marekani na wenzake walitengeneza gemu ya Kinect ambayo mgonjwa wa kiharusi anaendesha mtumbwi kwenye mto: anapiga kafi, anapita vikwazo, anapata pointi, na kila kafi ni zoezi la bega na kiwiko. Mzee wa Ujiji aliyezoea ziwa hahitaji kufundishwa kitendo hicho. Majaribio yao kwa karibu wagonjwa 200, yaliyochapishwa mwaka 2022, yalionyesha kwamba kucheza gemu hiyo nyumbani kulileta nafuu ya mwendo wa mkono inayolingana na kwenda kliniki kwa vipindi vichache. Lakini waliokuwa na mtaalamu anayewafuatilia na kuwasukuma wautumie mkono kwenye shughuli za kila siku ndio waliofaidi zaidi katika kula, kuvaa na kazi za nyumbani.

Mapitio makubwa ya tafiti yaliyofanywa na mtandao wa Cochrane mwaka 2017 yalikusanya majaribio 72 yenye wagonjwa 2,470. Gemu na mazingira ya kompyuta hayakushinda mazoezi ya kawaida kwa mkono ikiwa muda wa mazoezi ulikuwa sawa. Yalipoongezwa juu ya tiba ya kawaida, hivyo mgonjwa akapata muda mwingi zaidi wa kufanya mazoezi, dalili za faida zilionekana.

Kwa hiyo, akikuambia mtu kwamba mashine yake inaponya kiharusi, mwulize kama amekutana na taarifa hizo. Kinachosaidia ni wingi wa marudio sahihi. Gemu ni njia moja ya kuyapata bila kuchoka moyo.

Kwa mtoto mwenye mtindio wa ubongo hoja ni hiyohiyo. Gemu inaweza kumpa hamu ya kufanya zoezi analolikimbia kila siku, lakini mtaalamu ndiye achague ni mwendo gani, akiwa amekaa au amesimama. Mashine inatoa alama kwa mwendo wowote ule, hata ule mbaya unaokakamaza misuli zaidi.

Ukitaka kujaribu nyumbani

Anza na nafasi. Kinect ya kwanza ilitaka mchezaji mmoja asimame karibu mita 1.8 kutoka kwenye kifaa, na wawili mita 2.4. Sebule nyingi zetu zina makochi, stuli na kabati, kwa hiyo pima kwanza. Ondoa mkeka, waya na meza ya kioo. Usihamishie mchezo barazani mchana, kwa sababu jua lina infraredi nyingi na Kinect hupofuka. Jioni ndani ya nyumba ni bora.

Pili, mavazi. Kanga iliyofungwa kiunoni, baibui au kanzu pana huficha magoti na nyonga, na mashine hubahatisha. Fulana na suruali humsaidia mgonjwa aonekane. Vilevile, mtu akisimama amemshika mgonjwa, mashine huweza kuchanganya mikono ya wawili hao. Msaidizi akae pembeni, nyuma kidogo, upande ule dhaifu, tayari kumdaka.

Tatu, kuanguka. Hii ndiyo hatari kubwa kuliko zote. Mgonjwa anayeyumba acheze akiwa amekaa kwenye kiti imara kisicho na magurudumu, na ahakikishiwe kwamba gemu inamkubali akiwa amekaa, maana nyingine hazikubali. Usimvute mkono uliolegea ili "umsaidie" kupata alama, kwa sababu bega la mgonjwa wa kiharusi huumia upesi.

Nne, muda. Dakika 10 hadi 15, apumzike, arudie baadaye. Asimamishe mara moja akipata maumivu ya kifua, kizunguzungu, pumzi kukata kusiko kwa kawaida, au udhaifu mpya. Uso ukipinda, mkono ukilegea ghafla au maneno yakikorogeka, mpeleke hospitali hapohapo, usisubiri asubuhi.

Nani aonane na daktari kwanza? Mwenye presha isiyodhibitiwa, mwenye ugonjwa wa moyo, na mwenye kifafa, kwa kuwa kwa baadhi yao mwanga unaomwekamweka kwenye skrini huweza kuamsha degedege.

Kabla ya kutoa fedha

Microsoft iliacha kutengeneza Kinect mwaka 2017, kwa hiyo utakayouziwa ni ya zamani. Kama ni ya Xbox 360, fahamu kwamba duka la mtandaoni la mashine hiyo lilifungwa Julai 29, 2024. Hutaweza kununua gemu mpya humo, utategemea diski. Soma maandishi kwenye kifaa cha umeme: kilichoandikwa 110 au 120 pekee kilitengenezwa kwa soko kama la Marekani, na umeme wetu wa volti 230 unaweza kukiunguza. Omba kiwashwe mbele yako, usimame mwenyewe uone kama kinakufuata.

Kwa gemu za simu, angalia programu inataka nini. Ikiwa picha za mtoto wako zinatoka kwenye simu na kwenda kuhifadhiwa kwingine, una haki ya kujua. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, na haki hiyo haipotei kwa sababu ni mchezo. Mwenye banda la gemu akiweka kamera ya namna hii, mwulize kama inarekodi.

Kama mashine haipo

Familia nyingi hazitainunua, na hakuna mgonjwa atakayekosa kupona kwa sababu hiyo. Tulishaona kwamba mashine inaleta vitu viwili: hesabu na furaha. Vyote vinapatikana nyumbani. Kuchambua dagaa kwa mkono dhaifu ni zoezi la vidole. Kuhamisha maharage kutoka bakuli moja kwenda jingine, ukihesabu kwa sauti na kuandika ukutani idadi ya jana na ya leo, ni gemu yenye alama. Mzee aliyekuwa mvuvi anaweza kukaa kwenye kiti akapiga kafi kwa mwiko wa ugali, mara 50 kulia na 50 kushoto, wajukuu wakimshangilia. Sharti ni moja: mtaalamu awe ameona mkono huo kwanza na kukuonyesha namna ya kuukinga bega.

Kwa hiyo hatua ya kwanza iwe kliniki, duka lifuate. Nenda kitengo cha fiziotherapia katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Maweni, au kituo kilicho karibu nawe, ukiwa na maswali matatu yameandikwa. Mgonjwa wangu afanye mwendo upi, mara ngapi kwa siku? Mwendo upi ni marufuku kwake? Na nikiwa na gemu hii ya simu, unaweza kuitazama akicheza uniambie kama inamfaa? Nenda na simu hiyohiyo, umwonyeshe. Na siku hiyo ya kliniki, usisahau kupima presha yake na yako.